Kilo 25 za urea kwenye matuta 22, mchicha bado wa njano. Inakwenda wapi?

#1 Mwenye Konde
Wakuu salaam. Nina bustani bondeni nyuma ya Mikindani. Matuta 22, kila moja mita 1 kwa 10. Kumi na nane ni mchicha na chainizi, manne ni bamia na nyanya chungu. Udongo kichanga, ukiufinyanga mkononi unamwagika kama sukari. Maji ya kisima, futi 20 hivi, navuta kwa mashine ya petroli na mpira.

Tangu katikati ya Julai naweka urea kila wiki. Mfuko wa kilo 50 umebaki nusu. Nikiweka, siku ya tatu mchicha unakuwa kijani mpaka wapita njia wanasimama. Siku ya nane majani ya chini yameshaanza kuwa njano, shina jembamba, unarefuka tu kama unatafuta mtu. Naongeza, unarudi, unapauka tena. Jana mama mmoja pale sokoni kalishika fungu langu, kaligeuza, kaniambia, "Hili mpe bata."

Maji siunyimi, kijana anamwagilia kila jioni. Urea siinyimi. Sasa inakwenda wapi?

#2 Kusi Kali
Naweka mkeka hapa. Na mimi Naumbu hali ni hiyohiyo.

#3 Bwana Shingo
Mbolea feki hiyo mkuu. Urea halisi mfuko una kilo 46 za naitrojeni, huwezi kumwaga nusu mfuko na mchicha ukabaki njano. Badilisha duka.

#4 Fundi Pampu
Bwana Shingo, taratibu. Urea ni asilimia 46, si kilo 46. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kile chakula kinachoyapa majani kijani, basi. Na hoja ya ufeki haisimami: mleta uzi kasema siku ya tatu mchicha unakuwa kijani. Chumvi ya mawe haifanyi hivyo.

Tufanye hesabu. Kilo 25 za urea ni kilo 11.5 za naitrojeni. Matuta 22 ya mita 10 za mraba ni mita 220. Ekari ni kama mita 4,000 za mraba, kwa hiyo bustani yako inaingia ndani ya ekari mara 18. Kilo 25 mara 18 ni kilo 450. Yaani umeweka kwa kiwango cha mifuko 9 ya urea kwa ekari, ndani ya wiki tano. Mboga za majani zinaridhika na mifuko miwili, mitatu. Hiyo mingine sita haikuliwa na mchicha. Ama imepanda juu, ama imeshuka chini.

Kijana wako anatumia dakika ngapi kwa tuta? Na ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani ukiiweka chini ya mpira?

#5 Mwenye Konde
Mifuko tisa? Mbona unanitisha. Nimepima sasa hivi na simu: ndoo ya lita 20 sekunde 12. Kijana anasema dakika mbili tu kila tuta.

#6 Mzee wa Chidya
Amani kwenu. Mimi naona ni kuruka kwenda juu. Urea ukiimwaga juu ya udongo ikakaa siku moja mbili bila kufunikwa, hugeuka amonia na kupaa. Hasa kwenye joto, hasa udongo ukiwa na chokaa. Na huko Mikindani ardhi yenu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, chokaa tupu. Ukiinama asubuhi ya pili ukanusa tuta, ile harufu inayochoma pua kama ya banda la kuku, basi hiyo ndiyo hela yako inaondoka.

Je, unaifukia au unarusha kama unalisha kuku?

#7 Mwenye Konde
Shikamoo mzee. Narusha. Lakini jioni hiyohiyo kijana anamwagilia.

#8 Fundi Pampu
Basi mzee wa Chidya, juu haikupanda nyingi, maji yaliiwahi. Imeshuka. Sekunde 12 ndoo moja, maana yake lita 100 kwa dakika. Dakika mbili ni lita 200 kwenye tuta la mita 10 za mraba. Lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni milimita 1 ya mvua, kwa hiyo kila jioni unaunyeshea mvua ya milimita 20. Mchicha kwa jua hili na upepo huu unatumia kama milimita 5 kwa siku. Lita 50 kwa tuta. Ndoo mbili na nusu!

Kichanga chako, kwenye sentimita 30 za juu ambako mizizi ya mchicha iko, kinashika milimita 25 hivi za maji ambayo mmea unaweza kuyavuta. Kinachozidi kinateremka, na kinateremka na abiria. Urea yenyewe kabla haijabadilika haishikwi na udongo, inakwenda na maji. Udongoni inageuka amoniamu, kisha naitreti. Ikishakuwa naitreti ndiyo kabisa. Amoniamu peke yake ndiyo inayong'ang'ania mfinyanzi na mboji, na wewe mfinyanzi huna.

Chukua jembe, chimba kando ya tuta asubuhi, utuambie unyevu umefika wapi.

#9 Dada Chainizi
Kaka, kabla hujachimba: ulianza na samadi gani? Mimi niko Mingoyo, mwaka jana nilipata kitu kama hicho, na kumbe tatizo lilikuwa chini ya tuta.

#10 Mwenye Konde
Mbolea ya kuku wa nyama, dada. Viroba 15, niliichanganya na udongo mwishoni mwa Juni. Ilikuwa na maranda mengi lakini.

#11 Dada Chainizi
Hayohayo! Maranda ndiyo mchawi. Vijidudu vya udongo vikipewa mbao vinahitaji naitrojeni ili viioze, na vikiikosa kwenye mbao vinachukua ya kwako. Unamwaga urea, vinakula, mchicha unapata makombo. Mimi nilikuwa nimechanganya pumba za mpunga kutoka Kitere, mabichi kabisa, chainizi ikakaa wiki sita rangi ya ndizi mbivu. Pumba zikiwa juu ya tuta kama matandazo hazina ubaya, ubaya ni kuzichimbia ndani.

Naitrojeni haijapotea, iko kwenye matumbo ya vijidudu. Subiri itarudi.

#12 Bwana Shingo
Kwa hiyo mchicha unakula na vijidudu vinakula, na mleta uzi analipa bili ya wote.

#13 Kusi Kali
Na mama wa sokoni bado anataka apewe bata 😂

#14 Salfa Tupu
Mnazunguka. Mwulizeni kama bustani iko chini ya mikorosho. Watu wa huku mnasahau kitu mnachokifanya kila mwaka. Kuanzia Juni tunapuliza salfa kwenye korosho kwa ajili ya ubwiri unga, ule unga wa njano hauishii kwenye maua, unatua chini. Miaka ishirini, thelathini, udongo unakuwa mchachu, yaani wa tindikali. Udongo ukichacha sana mizizi inadumaa, na wale vijidudu wa kugeuza amoniamu kuwa naitreti wanafanya kazi kivivu. Unaweza kumwaga urea mpaka kesho, mzizi hauna mdomo. Halafu urea yenyewe nayo inazidisha uchachu, na SA (salfeti ya amonia) ndiyo zaidi.

#15 Mzee wa Chidya
Salfa Tupu, hilo ni kweli kwenye vichanga vya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba. Lakini mwenzetu yuko juu ya matumbawe. Chokaa na salfa vinauana. Hauwezi kuwa mchachu na wa chokaa kwa pamoja.

#16 Salfa Tupu
Mzee, kichanga kinaweza kuwa mita tatu juu ya hayo matumbawe. Mchicha haujui kilicho chini mita tatu. Apime pH, kile kipimo cha uchachu, ubishi uishe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wako karibu naye kuliko sisi wote, aende akaulizie.

#17 Mwenye Konde
Kuna mkorosho mmoja mkubwa upande wa magharibi. Unafunika matuta kama manne, mchana wa jua kali kijana analala hapo.

#18 Bi Kata
Wanangu hamjambo. Mimi nimezaliwa Newala, enzi hizo maji tunayafuata bondeni, unashuka alfajiri unapanda jua limetoka, ndoo kichwani. Mboga za bibi zilikuwa nyuma ya jiko. Alikuwa na kata ya kifuu cha nazi, kila shina kata moja, ya maji aliyooshea vyombo. Matembele yalikuwa meusi kwa kijani! Mpira wa lita 100 kwa dakika bibi angeuona angelia.

#19 Bwana Shingo
Bi Kata shikamoo. Yale maji ya vyombo yalikuwa na mabaki ya dagaa, hiyo ndiyo urea ya bibi.

#20 Bi Kata
Marahaba. Dagaa tulipata wapi Newala, mwanangu, labda wewe wa pwani.

#21 Mwenye Konde
Nimechimba. Asubuhi hii saa 12 na nusu, kando ya tuta la saba. Nimeshuka mpaka jembe likawa linapotea, nikaingia kwa mikono. Udongo wa juu, kina cha kidole, umekauka tayari, upepo wa kusi umeupiga usiku kucha. Chini ya hapo ni unyevu moja kwa moja, mpaka usawa wa kiuno changu nikiwa nimesimama shimoni, bado unyevu. Sijaona mwisho wake. Mizizi ya mchicha imeishia kiganja kimoja na nusu. Chini ya hapo hakuna hata uzi.

Na kuna jambo jingine. Nimejificha jana jioni nyuma ya migomba nikamtazama kijana. Si dakika mbili. Anausimamisha mpira juu ya jiwe, anakaa, anatoa simu, video ikiisha ndipo anahamisha. Nimehesabu matuta matano: dakika nne, nne, tatu na nusu, nne, tano.

#22 Kusi Kali
Kumbe naitrojeni imekwenda mtandaoni.

#23 Fundi Pampu
Basi narekebisha hesabu yangu ya #8. Si milimita 20, ni 40 kila jioni. Mvua ya Mtwara kwa mwaka ni milimita 1,000 na ushee, na inakuja msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei. Wewe kwa siku 25 unaushushia mchicha mvua ya mwaka mzima, kwenye kiangazi! Hakuna urea duniani ya kusimama mbele ya maji hayo.

Dawa: matuta 22 kwa lita 50 ni lita 1,100 kwa siku. Sasa hivi unavuta 8,800. Gawa asubuhi na jioni, ndoo na keni, au dakika moja ya mpira kwa matuta mawili. Urea iwe kidogo kidogo, gramu 50 kwa tuta kwa wiki, ambayo ni vizibo kumi vya soda. Iyeyushe kwenye keni, mwagia chini ya majani, halafu suuza na maji kiasi. Usipomwagia kabisa inapaa kama mzee alivyosema, ukizidisha inazama. Njia iko katikati na ni nyembamba.

#24 Bwana Shingo
Kwa nini asihamie CAN (ile mbolea ya kalsiamu na amoniamu naitreti) tu? Ile ni 46 pia na haipai.

#25 Fundi Pampu
CAN ni 26 au 27, mkuu. Leo una ugomvi na namba 46. Kweli haipai kama urea, lakini nusu yake ni naitreti tayari. Kwa kijana wa video, hiyo inafika matumbaweni kabla video haijaisha.

#26 Chumvi ya Shangani
Samahani kwa kuchelewa, nimesoma kuanzia mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kisima kiko mbali gani na bahari! Lita 8,800 kwa siku kutoka kisima cha futi 20 nyuma ya Mikindani. Pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, ukiyavuta kwa nguvu ya chini yanapanda. Mwanzo wa kiangazi kisima ni kitamu, Septemba kinaanza kuuma ulimi. Mmea ukinyweshwa chumvi hauvuti maji hata kama umesimama ndani yake, na mbolea nyingi za dukani zinaongeza chumvi juu ya chumvi. Angalia kingo za majani. Zimeungua? Na sabuni inatoa povu?

#27 Mwenye Konde
Kisima na bahari ni kama mita 600. Kingo zimeungua kwenye chainizi, ndiyo, kidogo. Mchicha hapana. Sabuni inagoma kutoa povu tangu tulipokichimba.

#28 Mzee wa Chidya
Sabuni kugoma ni ugumu wa maji, ni chokaa ya yale matumbawe. Si kipimo cha chumvi ya bahari, ndugu yangu wa Shangani. Kipimo cha kienyeji ni kuonja, au kuchemsha sufuria mpaka ikauke na kuramba kile kinachobaki. Cha kweli ni kile kijiti cha kupimia chumvi, wenye mabwawa ya samaki wanacho.

#29 Chumvi ya Shangani
Nimekubali kwenye sabuni. Kwenye chumvi nabaki palepale. Chainizi haivumilii chumvi kama mchicha, ndiyo maana imeungua peke yake.

#30 Dada Chainizi
Au mbolea ya kuku ilikuwa mbichi na imeunguza. Kingo za majani zinaungua kwa mambo mengi.

#31 Mpita Njia wa Nyangao
Habari za humu. Ng'oeni bamia moja. Vichanga vya kumwagiliwa mwaka mzima bila kupumzika ni nyumba ya minyoo fundo. Mmea unanyauka saa saba mchana wakati chini kuna maji, unapauka, mbolea haifanyi kazi. Mzizi unakuwa na vinundu kama tangawizi changa. Mimi nilimwaga CAN misimu miwili kwenye nyanya, kumbe nawapikia minyoo.

#32 Mwenye Konde
Nimeng'oa bamia mbili. Moja safi. Nyingine ina vinundu vingi, imevimba kama vidole vya mtu mwenye jongo. Mchicha nimeng'oa minne, mmoja una vinundu vitatu vidogo.

Sasa nina kijana wa simu, maranda, mkorosho wa salfa, kisima cha chumvi na minyoo. Nikiendelea kuuliza mtaniambia na nyumba ina ufa.

#33 Bwana Shingo
Umesahau mbolea feki.

#34 Kusi Kali
Mimi nauliza kitu cha pembeni. Hivi urea si inatengenezwa kwa gesi asilia? Mnazi Bay iko pua na mdomo na Mikindani. Gesi inatoka Msimbati, inapita kwenye bomba mpaka Dar tangu 2015, halafu sisi urea tunaisubiri na meli.

#35 Salfa Tupu
Ndiyo, amonia inatengenezwa kwa naitrojeni ya hewani na haidrojeni ya gesi, urea inatoka hapo. Kiwanda cha mbolea tumekisikia tangu nikiwa na nywele. Lakini usituanzishie ya 2013, zile vurugu za gesi Mtwara, humu, uzi ni wa mchicha.

#36 Bi Kata
Ya 2013 tuyaache hukohuko. Mwanangu Mwenye Konde, hayo maji ya kisima mnakunywa?

#37 Mwenye Konde
Tunakunywa bibi, tukichemsha.

#38 Bi Kata
Nauliza kwa sababu mwanangu wa kike ni nesi. Aliniambia naitreti haiondoki kwa kuchemsha.

#39 Fundi Pampu
Bi Kata kagusa penyewe. Kuchemsha kunaua vijidudu, naitreti kunaizidishia ukali kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima si hatari sana, ila mtoto mchanga wa chupa ndiye wa kuogopewa, damu yake inashindwa kubeba oksijeni, anageuka rangi ya bluu. Naitrojeni iliyozama inakwenda kwenye maji ya chini, na maji ya chini ndiyo kisima. Kisima kiko wapi, juu ya bustani au chini?

#40 Mwenye Konde
Chini. Kwenye ncha ya mteremko. Mtoto mchanga hatuna, lakini jirani anachota.

#41 Mpita Njia wa Nyangao
Kama kisima kiko chini, basi sehemu ya urea unairudishia bustani kwa mpira kila jioni bila kujua 😂

#42 Salfa Tupu
Na choo kiko wapi? Naitreti ya kisima cha kijijini mara nyingi ni ya choo. Msiitupie urea kila kitu.

#43 Fundi Pampu
Kweli, hilo nakubali.

Mwenye Konde, tusibishane hewani. Tenga matuta matatu yanayofuatana, mchicha wa umri mmoja. La kwanza maji ya kipimo, ndoo mbili na nusu kwa siku, na urea gramu 50 kwa wiki. La pili maji ya kipimo, urea usiweke kabisa. La tatu kijana aendelee na mpira wake na video zake, urea gramu 50. Siku 12.

#44 Dada Chainizi
Tuletee na picha jamani. Na mkorosho usiwe karibu.

#45 Kusi Kali
Siku 12 mama wa sokoni atakuwa ameshanunua mchicha wa Mkwaya.

#46 Mwenye Konde
Nimerudi. Siku 13 zimepita, ya 12 nilikuwa msibani Mtama.

Tuta la kwanza: kijani, majani mapana, nimekata mafungu 31. Tuta la tatu, la kijana: njano kama kawaida, mafungu 17, membamba. Hapo mtasema Fundi kashinda. Lakini tuta la pili, lisilopata hata chembe ya urea, nalo ni kijani! Si kama la kwanza, lakini ukiyaweka mafungu pamoja mnunuzi hajui lipi ni lipi. Mafungu 28. Mama wa bata kachukua matano bila neno.

Petroli nimetumia chini ya robo ya ile ya zamani.

#47 Fundi Pampu
Ni maji. Imekwisha hiyo. Naitrojeni ilikuwepo muda wote, ya mbolea ya kuku, ilikuwa inasombwa. Umeacha kuisomba, imeonekana.

#48 Dada Chainizi
Hapana kaka. Maranda yamemaliza kuoza! Nilisema #11 kwamba naitrojeni itarudi yenyewe. Tangu mwisho wa Juni ni miezi miwili na nusu, ndiyo muda wake huo. Tuta la pili limelishwa na vijidudu vinavyokufa.

#49 Fundi Pampu
Kama ni maranda, mbona tuta la tatu halikurudi? Nalo lina maranda yaleyale.

#50 Dada Chainizi
Lilirudi, likasombwa. Kwa hiyo sote wawili.

#51 Chumvi ya Shangani
Maji kidogo maana yake chumvi kidogo. Matuta mawili ya kwanza yamepumzishwa chumvi, la tatu limeendelea kunyweshwa. Mmethibitisha nilichosema bila kujua.

#52 Mzee wa Chidya
Lakini, ndugu wa Shangani, maji mengi huosha chumvi kwenda chini. Tuta la mpira ndilo lingekuwa safi zaidi.

#53 Chumvi ya Shangani
Kama maji ya kuoshea ni matamu, mzee.

#54 Mpita Njia wa Nyangao
Matuta yamekaaje? La tatu liko upande wa bamia?

#55 Mwenye Konde
Eh. Ndiyo. La tatu limepakana na bamia, ile yenye vinundu.

#56 Mpita Njia wa Nyangao
Nimemaliza, mheshimiwa hakimu.

#57 Salfa Tupu
Na mkorosho?

#58 Mwenye Konde
Mkorosho uko upande huohuo wa bamia. Matawi yanagusa nusu ya tuta la tatu. Dada Chainizi alinionya, lakini ndiyo matuta matatu pekee yaliyokuwa na mchicha wa umri mmoja. Halafu niseme ukweli wote: la kwanza na la pili nilimwagilia mwenyewe, alfajiri, kwa keni. La tatu kijana, jioni. Na siku ya msiba hakuna aliyemwagilia chochote.

#59 Fundi Pampu
Mkuu, hilo si jaribio, hiyo ni familia yenye ugomvi.

#60 Bi Kata
Mwacheni mwanangu, kauza mafungu 28 bila urea. Mwanangu, urea iliyobaki usiiache wazi, inavuta unyevu inakuwa jiwe. Funga mdomo wa mfuko, weka juu ya mbao.

#61 Mwenye Konde
Asanteni wote. Jumatatu napanda upya matuta sita, safari hii nayachanganya, mawili mawili, moja la kila jozi mbali na mkorosho. Kijiti cha chumvi nimeahidiwa na mtu wa mabwawa ya samaki. Udongo nimeufunga kwenye mfuko, naupeleka Naliendele wiki hii. Bamia nang'oa zote.

Kijana nimempa ndoo na keni. Kauliza atashikaje simu.